Malalamiko juu ya Bwana Nungu na Sindano Zake Kavu

Kabambare, mwezi wa saba, 1957

Kwa Bwana Mganga Mkuu wa Kampuni ya Pamba,
Kasongo.

Bwana Mganga Mkuu mheshimiwa,

Mimi niliyeshika kalamu hii ni Octave Musafiri, mpimaji wa pamba katika soko la Kabambare, yule ambaye ulimpa mkono siku ya kufungua mizani mpya, ingawa najua umepeana mikono mingi tangu siku ile. Nakusalimu kwa heshima yote, na baada ya salamu naomba ruhusa ya kukasirika.

Habari yenyewe ni ya mganga mpya uliyetutumia kwenye dispansere ya kampuni, mwenye ndevu nyekundu na kisanduku cha sindano. Jina lake la Kizungu limewashinda wazee kulitamka, kwa hiyo sisi tunamwita Bwana Nungu. Mtu anaingia kwake akiwa mtu, na baada ya kitambo kidogo amelala pale na miiba imesimama mwili mzima, kama nungu aliyetishwa na mbwa. Anasema kazi hii alijifunza Ufaransa, kwa mwalimu aliyejifunza kwa Wachina. Sina ugomvi na Wachina. Hawajawahi kunichoma.

Kwanza ulijue tumbo langu, maana bila kulijua hutaelewa nimeonewa kiasi gani. Tumbo hili liliharibika mwaka aliokufa mke wangu Anastasie, na tangu hapo halina msimamo. Kuna siku linafunga kabisa, na kuna siku linafunguka bila hodi, hasa nikiwa mbele ya mizani na foleni ya wakulima imefika barabarani. Linanguruma, linasokota, linatulia, linaanza upya. Nilikuja kwenu Kasongo. Mkatazama choo changu kwa ile mashine ya kukuza vidudu, hamkuona mnyoo wala amiba, mkaniambia sina ugonjwa. Nilirudi Kabambare na cheti cha uzima mfukoni, nikisimamisha lori kila penye kichaka.

Hilo ndilo tumbo nililompelekea Bwana Nungu. Sasa soma alivyonitendea, nami nitayapanga kwa namba ili usipotee.

1. Sindano zake ni tupu. Bwana Mganga Mkuu, sisi watu wa huku tunaijua sindano. Tangu utoto tumepangwa mistari kwa ajili ya malale. Tumechomwa mikononi, tumechomwa matakoni, tumechomwa hata uti wa mgongo mpaka wanaume wazima wakawaita mama zao. Hatukulalamika, kwa sababu dawa ilionekana kwa macho ndani ya bomba, na mtu alirudi nyumbani akichechemea, akijua amepewa kitu. Sindano ya Bwana Nungu haina bomba, haina dawa, haina hata maji. Nilimwomba anionyeshe tundu lake. Akacheka, akasema haina tundu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi; juu ya sindano tupu hawakusema neno, kwa sababu hawakudhani kwamba mtu mwenye akili zake atafika huko. Tena haziumi! Dawa isiyouma na isiyokuwa chungu, tutajuaje kama imeingia?

Kazi yangu mimi ni kukamata udanganyifu. Wakulima wananiletea gunia lenye jiwe katikati, au pamba iliyolowekwa mtoni ili iwe nzito, na mimi ninalichoma gunia kwa fimbo yangu ya chuma mpaka jiwe linalia. Nikimkamata mtu anafukuzwa sokoni mbele ya wote. Je, anayetoa sindano isiyo na dawa ndani tumfanyeje? Huyu tumempa nyumba.

2. Anachoma mahali pasipouma. Tumbo langu liko pale pale yalipo matumbo ya watu wote. Bwana Nungu alilipapasa kidogo, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akanichoma chini ya goti. Nikadhani amepotea njia. Nikamwonyesha tumbo kwa kidole. Akanichoma goti la pili. Halafu mikono, halafu unyayo karibu na kidole gumba. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na paa la kanisa likivuja Mapadri hawapigi misumari kwenye ngazi ya mlango. Nilipouliza, infirmiye Roger, muuguzi anayemsaidia na kumtafsiria, alinieleza kwamba ndani ya mwili mna barabara zisizoonekana, na barabara ya tumbo inapita gotini. Mimi nimeishi kando ya barabara maisha yangu yote, na nimeona watu wakilazimishwa kuilima kila mwaka. Barabara isiyoonekana sijapata kusikia, isipokuwa ile ya kwenda Salamabila wakati wa mvua.

3. Anauliza maswali ambayo hata padri hayaulizi. Mbele ya wagonjwa wote alitaka kujua choo changu kinatoka kwa umbo gani. Roger ana sauti ya mtu anayeita mtumbwi ng'ambo ya mto Lualaba. Akatafsiri: ni ya mbuzi, ao ni ya uji? Nikamjibu polepole, sikioni. Akalirudia jibu langu kwa sauti ile ile: «Mupimaji anasema ni kufuatana na siku!» Nilipomlaumu, akaniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa nikisimama kwenye mizani hakuna mkulima anayeniogopa. Mwanamke mmoja, ambaye jiwe lake nililisikia waziwazi kwa fimbo, alinitazama usoni akaniuliza kwa upole kama leo ni ya mbuzi ao ya uji. Foleni nzima ikaanguka kwa kicheko, na jiwe lile likapimwa kama pamba. Kampuni yako imenunua jiwe, Bwana Mganga Mkuu, na sababu ni sindano.

4. Kuna upendeleo. Mzee Bulaimu, aliyekuwa akichanja watu matumbo kwa wembe na kupaka majivu, alifungwa gerezani kwa kosa la kutoboa ngozi za watu bila ruhusa. Sawa, sheria ni sheria. Lakini Bulaimu alichanja tumbo lenyewe, na katika kila chale alitia kitu. Bwana Nungu hachanji tumbo, hatii kitu, na amepewa mabati, kitanda cha chuma na mpishi. Bulaimu anauliza kosa lake lilikuwa nini hasa, kuchoma watu au kuwatibu. Swali lake nimekuletea wewe ulijibu.

5. Lalamiko hili nimeliandika, nikalikata, nikaliandika tena, nikalikata. Nitalirudia chini nikipata nguvu.

6. Hata asiyejua anaponya. Juzi Bwana Nungu alikwenda Salamabila kuwachoma wachimba dhahabu, akamwachia Roger wagonjwa wake. Roger hazijui zile barabara zisizoonekana. Aliniambia mwenyewe kwamba alichoma popote penye nyama. Watu wakatoka pale wakisifu, wakasema matumbo yamelegea, wengine wakasema Roger ana mkono mwepesi kuliko mzungu. Si hayo tu. Jirani yangu Faradji, ambaye tumbo lake nalo limeharibika kwa sababu nitakayoitaja, anaona aibu ya swali la mbuzi na uji. Kwa hiyo mke wake anamlaza uani na kumchoma kwa miiba ya mlimau, kisha anamwambia atulie asiamke mpaka nguo alizoanika zikauke. Faradji anaapa kwamba anapata nafuu. Sasa chagua: ama mke wa Faradji ni mganga mkubwa wa Kichina, na umpe naye mabati, ama sindano hizi ni miiba iliyolipiwa nauli ya meli. Mimi naona dawa iliyopo pale ni moja tu, kumlaza mtu mzima mchana bila kazi na kumwuliza anajisikiaje. Hilo hatujawahi kufanyiwa na mtu yeyote, hata ninyi, basi lazima tutashangaa mpaka tupone.

Sasa lile la tano.

Kwetu, kama unavyopaswa kujua kwa kuwa umekaa nasi miaka mingi, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Akija njiani, mimi naingia majanini. Asinione nikila, asinione kifua wazi, na kusemeshana ndiyo mwiko kabisa. Likitokea jambo la lazima, kila mmoja anasema na kitu kilicho kati yao, mtoto, mbwa, au nguzo ya nyumba, na mwenzake anajifanya anasikia kwa bahati tu. Hiyo ni heshima yetu. Mke wangu alikufa lakini ukwe haukufa. Sijaoa tena, wala sijawaambia wazee wamalize matanga. Naye mama mkwe wangu hajaacha heshima yake. Kila Jumapili baada ya misa ananitumia chungu cha maharagi ya mawese na pilipili, kimejaa mpaka kwenye shingo. Chungu cha mkwe hakirudi na chakula ndani, hilo ni tusi kubwa. Kwa hiyo tangu nilipofiwa ninakula maharagi yale huku nikitoka jasho, yanayonishinda nampitishia Faradji uani kwa siri, na Jumatatu sote wawili hatufai kwa kazi.

Mama mkwe wangu anaitwa Mama Anastasie. Huku mzazi anaitwa kwa jina la mtoto wake, na mtoto akifa jina halibadilishwi. Kila anayemwamkia njiani anamtajia marehemu.

Basi, ilikuwa siku ya Jumatano. Nimelala chali juu ya mkeka, kifua wazi, suruali imekunjwa juu ya magoti, sindano zimesimama miguuni na mikononi, Bwana Nungu akaleta mgonjwa mwingine. Nilimsikia Roger akimkumbusha kwamba wanawake wana siku yao. Bwana Nungu akamjibu kwamba tumbo ni tumbo. Mwanamke akaingia amejifunika kikwembe kichwani kwa haya, akalazwa kwenye mkeka wa pili, karibu hata mkono ungefika, akachomwa. Walipomaliza akafunua uso apate hewa. Alikuwa yeye.

Ningekimbia, Bwana Mganga Mkuu. Naapa ningetoka na sindano zangu zote, ningekatiza soko, ningefika msituni. Lakini Roger alikuwa amekwisha kututisha kwamba atakayeinuka kabla ya wakati, sindano itamkatikia ndani na kutembea mpaka moyoni. Nikafumba macho. Nikamsikia naye akivuta pumzi kama mtu aliyeanguka mtoni. Bwana Nungu, bila kujua kwamba amevunja mila ya mababu zetu, akatoka nje kuvuta kiko chake.

Nilipofumbua macho, ukutani, juu ya vichwa vyetu, palikuwa na mjusi. Kila mmoja wetu akamkazia macho yeye. Mwishowe nikasikia mama mkwe wangu anasema naye. Naandika kama alivyosema, ili ushahidi uwe kamili:

«We mujusi, uniulizie ule bwana. Maharagi ninamutumaka kila siku ya Mungu, anayakulaka?»

Mtu mwenye adabu angenyamaza. Lakini ukiwa na sindano magotini adabu inapungua, na hilo nalo liandikwe katika makosa ya Bwana Nungu. Nikamwambia mjusi: «Mujusi, umuambie mama, ninayakula juu ya heshima. Lakini tumbo yangu haiyaweze tangu Anastasie alikufa.»

Mjusi akasogea kidogo, nikadhani anaondoka, nikaogopa. Kisha mama akamwambia: «Umuambie na mie siyakule. Tumbo yangu ilikatala siku moja na yake. Ninayapika tu juu Anastasie alikuwa anayapendaka. Sina tena mutu wa kumupikia.»

Sikujua. Miaka yote hii nilidhani ananilisha mimi, nikamnung'unikia moyoni, nikasema mwanamke huyu ataniua kwa maharagi. Kumbe alikuwa akimpikia mtoto wake, na chungu kikaishia kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyebaki. Nililia, Bwana Mganga Mkuu. Nililia nikiwa chali, machozi yakaingia masikioni, na sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono nayo ilikuwa imechomwa. Yeye pia alilia, tena kwa sauti. Roger akaingia, akatukuta hivyo, akakimbia kumwambia Bwana Nungu kwamba sindano zimeanza kuuma. Bwana Nungu akafurahi sana, akaandika kitu.

Huo ndio uharibifu ninaoushtaki. Mtu amekwenda kutibiwa tumbo, amerudi amesemeshana na mkwe wake kifua wazi. Wazee wakisikia watanitoza mbuzi, na watakuwa na haki.

Kwa sababu hizo zote naomba mambo manne, tena naomba kwa unyenyekevu. Bwana Nungu aondolewe Kabambare upesi, apelekwe kwa watu wasio na wakwe. Sindano zake zikusanywe. Ningesema wapewe mafundi wa cherehani, lakini hazina tundu, hata wao hazitawafaa. Na kabla mganga mwingine hajaja, ujengwe ukuta katikati ya dispansere, kutoka sakafuni mpaka kwenye bati, mnene, usio na dirisha, ili yaliyotokea yasitokee tena. Tena turudishiwe ile dawa yenu ya chupa, ya rangi ya matope. Haikutuponya, lakini ilikuwa chungu, na kila mtu aliinywa nyumbani kwake.

Nakuaga nikiwa na matumaini, kama mtu aliyezoea kungojea majibu ya Kasongo. Unisalimie Madamu na watoto. Umsalimie mpishi wako Asani, ambaye ni mtu wa kwetu. Uwasalimie makarani wa mizani na Mapadri mkikutana, na hata yule mbwa wako aliyemuuma Roger, kwa sababu sasa naona alikuwa na sababu.

Mimi mtumishi wa mizani yako, mwenye tumbo lisilo na ugonjwa,

Octave Musafiri

Nyongeza. Barua hii nilimpa dereva wa lori la pamba. Lori likavunjika ekseli njiani, barua ikalala humo mpaka ikanirudia pamoja na magunia. Ningeiandika upya, kwa sababu mambo yamebadilika, lakini karatasi imeniishia, basi naongeza hapa pembeni.

Jumapili baada ya siku ile chungu kilikuja kama kawaida. Nilifunua kifuniko nikiwa nimejiandaa kwa vita. Ndani mlikuwa na wali mweupe, hauna mawese, hauna pilipili, na samaki mmoja wa Nyangwe juu yake. Nilikula mpaka nikafuta chungu kwa kidole. Faradji hakupata kitu, na sasa tumbo lake limepona, anaisifu miiba ya mlimau sokoni kote. Langu pia limetulia. Nasema wazi kwamba si sindano, sindano ni udanganyifu na nitalisema hilo mbele ya jaji yeyote. Lakini nimerudi kwenye ule mkeka kila Jumatano, na yeye pia.

Sasa shida imezuka. Roger alisoma barua hii ilipokuwa ikisubiri lori, naye kwa bidii yake ya kipumbavu ameanza kukusanya matofali ya ule ukuta. Nakusihi umwandikie aache. Na Bwana Nungu ametuchunguza, ameuliza habari ya mbuzi na uji, amejibiwa vizuri na wote wawili, akasema tumepona, tusirudi tena. Hilo ndilo lalamiko langu la saba na ndilo kubwa kuliko yote. Hatujapona. Jumatano iliyopita Mama Anastasie alikuwa akimweleza mjusi jinsi Anastasie alivyoanguka kwenye mtumbwi kule Nyangwe, akiwa mtoto mdogo, akatoka majini amekumbatia kambare mkubwa karibu sawa na yeye, hataki kumwachia mtu. Roger akaja akachomoa sindano kabla sijajua kambare yule walimla ama alimrudisha mtoni. Mke wangu hakuwahi kunisimulia habari hiyo. Na njiani siwezi kuuliza. Njiani lazima niingie majanini.

Kwa hiyo naomba Bwana Nungu abaki, aamriwe kuendelea kutuchoma Jumatano, mkeka wangu na wa mama ikae pale pale ilipo, na mjusi asifukuzwe. Wala asiwe na haraka ya kuchomoa. Azisukume kidogo zaidi, ili mtu asiweze kuinuka.

O. M.